Maoni Yetu: Mkaa utoke kwenye banda la vifaranga

Baridi ikikaza, Juni na Julai, nyanda za juu hutoa habari za aina mbili. Ya kwanza hufika magazetini: watu wamelala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, madirisha yamezibwa, asubuhi hakuna aliyeamka. Ya pili haimfikii mwandishi yeyote. Mfugaji amefungua banda alfajiri akakuta vifaranga wake wamelala juu ya maranda, boksi zima alilolipokea jana kutoka stendi. Jirani anasema ni kideri. Muuza dawa za mifugo anampa pakiti ya antibayotiki. Wiki inayofuata mfugaji anaagiza boksi jingine na kuwasha jiko lile lile.

Sisi tunasema hivi: jiko la mkaa la wazi lisiwekwe ndani ya banda la vifaranga lililofungwa. Si kwa wiki mbili za mwanzo, si kwa usiku mmoja wa baridi, si kwa kisingizio kwamba umeme umekatika. Na banda lenyewe likiwa ni kona ya sebule au korido ya nyumba, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa mijini, hapo hatuzungumzii kuku tena. Tunazungumzia watoto waliolala chumba cha pili.

Mfugaji atauliza: basi nitumie nini? Majibu yapo na tutayataja. Lakini kabla ya kuuliza kifaa kinatoa joto kiasi gani na kinauzwa shilingi ngapi, ajiulize hili: kikiharibika saa tisa usiku, mimi nimelala, kitafanya nini? Kitazimika tu? Kitaangukia maranda? Kitajaza banda hewa ya sumu? Kifaa ambacho kikiharibika kinazimika humpa mwenye mali nafasi ya kuokoa. Kile ambacho kikiharibika kinaunguza au kinaua kimya kimya hakimpi. Hicho ndicho kipimo chetu, na kwa kipimo hicho mkaa unashindwa mapema.

Kwanza tuelewane kwa nini kifaranga anahitaji joto la kuazima. Siku ya kwanza ana malaika tu mwilini. Manyoya yenyewe huanza kumfunika vizuri baada ya wiki mbili au tatu, na hadi hapo mwili wake hauwezi kulinda joto lake. Ndiyo maana wiki ya kwanza anatakiwa akae kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, kisha joto lishushwe nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka azoee hali ya hewa ya mahali alipo. Kiini cha yai kilichobaki tumboni kinaweza kumlisha siku mbili au tatu, na kwa sababu hiyo anasafirishwa na basi bila chakula na anafika mzima. Lakini kifaranga mwenye baridi hatembei kwenda kwenye maji, hali, na kile kiini hakisagiki vizuri. Anasogelea wenzake, wenzake wanamsogelea yeye, wanapandana. Wa katikati wanakosa hewa. Asubuhi mfugaji anahesabu waliokufa pembeni na waliokandamizwa chini, na hakuna dawa ya dukani inayotibu kupandana.

Joto la kuazima si lile lile kila mahali, na hapa wataalamu wa redioni na wa mitandaoni wanatupotosha kidogo wanapotoa ushauri mmoja kwa nchi nzima. Banda la bati Dar es Salaam, Januari, saa saba mchana, tayari lina joto la kutosha na pengine la kupita kiasi. Mfugaji wa Mbagala anayewasha taa ya wati 250 muda huo anawaoka vifaranga kwa gharama yake mwenyewe. Anachohitaji ni joto la usiku, na si kubwa. Njombe usiku wa Julai hali ni nyingine kabisa: nje nyuzi joto hushuka chini ya 10, upepo unapenya kwenye kila ufa wa mbao, na kifaa kilichotosha Mbagala hakitafanya lolote. Mwenye kununua kifaa aanze na kipimajoto cha bei ndogo, akilaze usawa wa mgongo wa kifaranga, asubuhi na usiku wa manane, ajue ni nyuzi ngapi zinazopungua. Kununua taa kabla ya kujua hilo ni kubahatisha.

Sasa mkaa. Hatumcheki anayeutumia. Unauzwa kila mtaa, unapimwa kwa kopo, haukatiki TANESCO wakikata, na bibi zetu waliutumia. Tatizo lake la kwanza ni kwamba wafugaji wanauogopea moshi tu. Wanawasha jiko nje, wanasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa, ndipo wanaliingiza bandani wakiamini sasa ni salama. Si salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, na damu ikishaijaa haibebi oksijeni tena. Kifaranga anapumua haraka, mwili wake ni mdogo, yuko sakafuni karibu na jiko. Ataanza yeye.

Na mfugaji mwenyewe ndiye anayeusaidia mtego huo. Kwa kuwa mkaa ni ghali siku hizi, anataka joto lisitoroke. Anaziba matundu kwa magunia, anatandika nailoni dirishani, anasukuma kitambaa chini ya mlango. Kila tundu analoliziba linabakiza joto na linabakiza sumu. Akifungua matundu ili hewa ipite, joto linatoka na anaongeza mkaa. Hakuna namna ya kushinda mchezo huo kwa jiko la wazi.

Hata wale wasiokufa hawatoki salama. Kuku wa nyama waliolelewa kwenye banda lenye oksijeni pungufu huwa katika hatari ya kujaa maji tumboni wiki kadhaa baadaye, moyo na mapafu vikishindwa kuendana na kasi ya kukua. Mfugaji anaona tumbo limevimba, kuku anahema, anakufa akiwa na wiki tano. Analaumu chakula cha kiwanda fulani. Kisa chenyewe pengine kilianzia kwenye jiko la wiki ya kwanza ambalo ameshalisahau.

Kuna kasoro nyingine ambayo haizungumzwi. Jiko hujazwa saa mbili au saa tatu usiku, kabla ya kulala. Wakati huo linawaka kwa nguvu zote na banda ni la moto. Kufikia alfajiri, wakati ambao baridi ni kali kuliko wote, limebaki majivu. Yaani linatoa joto jingi pasipohitajika na linazimika panapohitajika. Vifaranga wanapitishwa kwenye joto kali na baridi kali ndani ya usiku mmoja, usiku baada ya usiku. Na hapo bado hatujataja cheche, kuku anayerukia ukingo wa jiko, na maranda makavu yanayosubiri.

Taa ya chemli ni ndugu wa jiko. Moto wake ni mdogo, kwa hiyo madhara yake huchelewa, lakini nayo inakula oksijeni, inatoa hewa chafu, na ikipinduka inamwaga mafuta ya taa kwenye maranda. Mshumaa hatuujadili.

Kama mkaa na kuni ndivyo pekee vilivyopo, na vijiji vya namna hiyo bado vipo, basi moto ubaki nje na joto ndilo liingie. Hili linawezekana. Wengine hujenga jiko la matofali ukutani, mdomo wake ukiwa nje ya banda na bomba likipandisha moshi juu ya paa, huku ukuta wake wa ndani ukipasha banda. Wengine huchoma mawe au matofali, huyafunga kwenye gunia, na kuyaweka katikati ya vifaranga. Rahisi kuliko yote ni maji. Dumu la lita 20 lenye maji ya nyuzi 80, likipoa hadi 40, hutoa joto la karibu uniti moja ya umeme. Hilo ni sawa na taa ya wati 250 kuwaka saa tatu na nusu au zaidi kidogo, na maji yanatoa joto hilo polepole. Yasiwe ya kuchemka, maana dumu la plastiki hulegea. Lifungwe kwa kitambaa kizito ili kifaranga asiungue, na kifuniko kikazwe, kwa sababu kifaranga aliyelowa na kupigwa baridi hana siku. Dumu moja saa tatu usiku, jingine saa tisa. Ni kazi, ndiyo. Lakini hata anayetumia mkaa na akajali mali yake huamka saa tisa kuongeza.

Kwa mwenye vifaranga kumi hadi kumi na watano, tunapendekeza kifaa ambacho wafugaji wa kisasa wanakidharau: kuku anayelalia. Hana bili, haungui, hakatiki, na anajua kupima joto kuliko themostati yoyote. Vifaranga wa siku moja wakiingizwa chini yake usiku, gizani, akiwa tayari amelalia au ametotoa siku hiyo hiyo, mara nyingi kutakucha amewakubali. Mara nyingi, si mara zote, kwa hiyo asubuhi mtu awe karibu aone kama anawadonoa. Akaguliwe utitiri na viroboto kabla ya kupewa watoto, na chanjo zao zisicheleweshwe kwa sababu wanaye mama. Anayeanza ufugaji kwa vifaranga 15 na kununua taa, waya, holda na kipimajoto kwa ajili yao amepata gharama asiyoihitaji.

Kati ya kuku na umeme lipo jambo jingine linalostahili kujulikana zaidi hapa kwetu. Ethiopia, hasa kwa kazi ya watafiti wa Jimma, wamelea vifaranga kwa sanduku la nyasi kavu lisilo na moto wala umeme. Ni boksi lenye kiota katikati, kuta zake zimejazwa nyasi kavu, juu pamefunikwa kwa nyasi au gunia lenye nyasi, na joto linalobaki humo ni la vifaranga wenyewe. Mchana hutoka kwenye uwanja mdogo kula na kunywa, wakisikia baridi hurudi ndani. Siku za mwanzo lazima wafundishwe kuingia kwa kurudishwa kwa mkono, na penye baridi kali sana linahitaji msaada wa dumu la maji. Lakini kanuni yake inafaa hata kwa anayetumia umeme: joto unalolizuia lisitoroke halikugharimu kitu. Mfugaji anayewasha wati 250 ndani ya banda la futi 20 lenye paa la bati anapasha bati. Akitengeneza mduara wa ubao mwembamba au maboksi, wenye kimo cha sentimita 45 hivi na kipenyo cha mita moja na nusu hadi mbili kwa vifaranga 100, akafunika nusu ya juu usiku na kuacha nusu nyingine wazi kwa hewa, atashangaa ni kiasi gani cha umeme kilikuwa kinaenda kwa popo.

Umeme ndio tunaoupendekeza kwa wengi waliofikiwa na nguzo. Ukiharibika mara nyingi huzimika tu. Lakini una hatari zake, na kubwa ni taa kuanguka. Taa ya infraredi ya wati 250, ile ya kioo chekundu, ina joto la kutosha kuwasha maranda na vumbi la manyoya. Bado tunaona ikining'inia kwa waya wake wenyewe wa umeme, umefungwa kwenye boriti kwa kipande cha tepu. Joto linalainisha waya, tepu inaachia, na taa inashuka ikiwa bado inawaka. Itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma, tena kwa viango viwili tofauti, ili kimoja kikikatika kingine kishike. Holda iwe ya kauri, siyo ya plastiki. Mbele ya kioo kuwe na wavu wa chuma. Iwe sentimita 45 hadi 60 juu ya migongo ya vifaranga, ikipandishwa kadri wanavyokua. Vumbi lifutwe ikiwa imezimwa na imepoa. Chombo cha maji kisikae chini yake, kwa kuwa tone moja kwenye kioo cha moto linatosha kukipasua. Na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haikutengenezwa kubeba taa mbili za namna hiyo usiku kucha.

Jambo moja wauzaji hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Zipo balbu za joto zinazouzwa kama "hazivunjiki", zimepakwa utando wa aina ile ile ya kwenye vikaango visivyoshika. Utando huo ukipata joto kali hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi sana, mapafu yao hayaihimili. Kuku wameshakufa bandani kwa balbu za namna hiyo. Mfugaji asizitumie. Na anayelea vifaranga jikoni, kama wafanyavyo wengi, asiache kikaango cha aina hiyo kitupu juu ya moto.

Halafu kuna hili la LED, ambalo linatuchekesha na kutusikitisha. Mfugaji anaambiwa na mzee wa mtaa, "Weka balbu ya mia." Ushauri huo ulikuwa sahihi zamani. Balbu ya waya ya wati 100 hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto, mwanga ni sehemu ndogo tu. Leo dukani anapewa balbu ya LED ya wati tisa au kumi na mbili, na boksi lake limeandikwa kwamba mwanga wake ni sawa na ya wati 100. Anaiwasha. Banda linang'aa kama harusini, vifaranga wanaonana vizuri kabisa, na wanakufa kwa baridi. LED ni nzuri kwa kila kazi ya nyumbani isipokuwa hii. Asiyepata balbu ya waya anunue taa ya infraredi, au kile kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga. Ulaya na Marekani wafugaji wadogo wengi wamehamia kwenye bamba la joto: meza fupi yenye miguu, vifaranga huingia chini yake kama chini ya mbawa za mama. Dogo lake hula wati 15 tu, haliwi na moto wa kuunguza maranda. Hapa kwetu ni adimu na si rahisi kwa bei, lakini mafundi wetu wanaotengeneza mashine za kutotolesha mitaani wana kila kitu kinachohitajika kulitengeneza. Tunawasubiri.

Gharama tusiifiche. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 24 hula uniti sita kwa siku. Kwa siku 14 ni uniti 84. Mteja mdogo wa TANESCO anayelipa bei nafuu ana uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo taa hiyo moja, bila pasi wala friji, inamtoa kwenye kundi lake. Hapo ndipo mduara mzuri na mfuniko vinapolipa, pamoja na themostati inayozima taa joto likifika na kuiwasha likishuka. Tunashauri pia taa mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiungua saa nane usiku, nyingine inawabeba vifaranga hadi asubuhi.

Na umeme ukikatika? Bwawa la Julius Nyerere limeongeza megawati 2,115 na mgao ule wa 2023 umepungua, lakini nguzo iliyoangushwa na mvua haijui habari za megawati. Mwenye vifaranga wa umeme bila mpango wa kukatika umeme hana mpango. Asikimbilie jiko. Dumu la maji lile lile, mduara ufunikwe zaidi, nafasi ipunguzwe ili vifaranga wapashane, na mtu akae nao wasipandane. Wengine wanafikiria betri ya sola. Hesabu inakataa: taa ya wati 250 kwa saa 12 inataka uniti tatu, betri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 ina uniti moja na kidogo, na haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Sola ni kwa mwanga. Joto la usiku kucha kutoka kwenye betri ni la matajiri.

Gesi ni ya wenye mamia. Kwa vifaranga 500 na kuendelea, bruda ya gesi, yaani kifaa cha kupashia vifaranga joto, inayoning'inia hulingana na kazi, na haitegemei nguzo. Masharti yake ni machache ila hayana mjadala. Mtungi ukae nje ya banda. Viungio vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, pale pale vifaranga walipo, kwa hiyo matundu ya hewa yawepo chini na juu. Moto wa njano au masizi kwenye bruda ni dalili kwamba haiungui vizuri, na gesi isiyoungua vizuri hutoa sumu ile ile ya mkaa. Na mtungi wa akiba uwepo, kwa sababu mtungi huwa na tabia ya kuisha Jumapili usiku.

Kifaa chochote atakachochagua, mfugaji akiwashe siku moja kabla boksi halijafika, maranda na sakafu vipate joto. Kisha awaangalie vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia kingo, mabawa yameachia na midomo wazi, ni joto. Wakiegemea upande mmoja wote, upepo unapenya upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamejinyoosha wamelala, waachwe. Akitaka uhakika amshike mmoja, amguse miguu kwa shavu lake: ikiwa ya baridi, kifaranga naye ana baridi, kipimajoto kiseme kitakacho.

Haya yote anayajua afisa mifugo wa kata. Shida ni kwamba anaitwa siku ya tano, kuja kupasua maiti. Kwa hiyo tuna madai, na hatuyapeleki kwa mfugaji peke yake.

Wanaototolesha na mawakala wao wa stendi wanauza kiumbe kisichoweza kuishi usiku mmoja bila joto, na wanampa mnunuzi risiti na maelezo ya chanjo tu. Kila boksi liwe na karatasi ya Kiswahili yenye nyuzi joto za kila wiki, kimo cha taa, onyo la mkaa na la LED, na nini kifanyike umeme ukikatika. Karatasi moja. Kampuni inayomudu kuchapa nembo kwa rangi nne kwenye boksi haiwezi kutuambia imeshindwa.

Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ufugaji wa kuku ni mradi unaopendwa na vikundi hivyo. Andiko la mradi huorodhesha vifaranga, chakula, chanjo na banda, na mahali pa joto huandikwa "mkaa, gunia". Afisa anayepitisha andiko hilo anapitisha hasara. Alirudishe kwa kikundi hadi lionyeshe kifaa cha joto, kipimajoto na mpango wa dharura, na fedha za vitu hivyo ziwemo kwenye mkopo.

Serikali nayo ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania. Majiko na mitungi vinagawiwa kwenye mikutano, na tunaunga mkono. Lakini mkaa haupiki ugali peke yake. Mama aliyepewa mtungi wa gesi kwa ajili ya sufuria bado ananunua gunia la mkaa kwa ajili ya bruda iliyo mita tatu kutoka kitandani mwake. Bruda ziingizwe kwenye hesabu hiyo, pamoja na unafuu wa bei kwa themostati na vipimajoto, vitu vidogo ambavyo vingi vinatoka nje. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo namba yake ya dharura ni 114, liwe na somo la mabanda ya kuku linapopita kutoa elimu mitaani. Hadi sasa tunalisikia zaidi kwenye masoko na mabweni.

Juni ijayo maboksi yatashuka tena kwenye stendi za Makambako, Mbeya na Njombe. Wakala anayeyakabidhi anaweza kuanza hata bila kusubiri karatasi wala waraka: amuulize mnunuzi atatumia joto gani, na umeme ukikatika atafanyaje. Akijibiwa "jiko", boksi libaki kwa wakala, chini ya taa yake, mpaka mnunuzi arudi na jibu jingine.